Mzigo Mkubwa wa Vartkes

Marehemu mdogo wangu Azniv aliolewa na mtu mbishi. Siku Vartkes alipokuja kumposa, mama alimpa kahawa akaiacha ikapoa, kwa sababu alikuwa akibishana na baba kuhusu gundi ya viatu, na baba alikuwa anauza gundi ya viatu kabla Vartkes hajazaliwa. Mkata ngozi wa karakana, hana mbele wala nyuma, amekuja kuomba mke na bado anamfundisha baba mkwe kazi yake. Mimi nilisema jikoni kwamba huyu arudishwe alikotoka. Azniv alikuwa anacheka mpaka ameshika ukuta. Akaolewa naye, wakahamia ghorofa ya tatu ya jengo letu hapa Burj Hammud, mtaa wa Waarmenia wa Beirut, na mimi nikabaki ya nne, juu ya vichwa vyao, na cherehani yangu. Sikuolewa, na wao watoto hawakupata, kwa hiyo tulikuwa watatu tunaokula sahani moja.

Azniv alikuwa na homa ya kwetu. Sisi Waarmenia tunaijua: inakuja ghafla, inamkunja mtu tumbo siku mbili tatu, halafu inaondoka na mgonjwa anaamka anadai chakula. Ni ya kurithi. Mimi iliniruka, yeye ikamshika. Dawa yake ni vidonge vidogo vya kumeza kila siku ya maisha yako, na anayevimeza hivyo kwa kawaida hana neno. Azniv vilimwendesha tumbo, basi alivimeza akiumwa na kuvisahau akipona. Tulimgombeza, akatucheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumtisha.

Alipovuka hamsini miguu ikaanza kuvimba. Daktari alitueleza kwamba kila homa inapokuja mwili unamwaga protini fulani kwenye damu, na protini hiyo ikikunjika vibaya haiondoki tena, inajazana kwenye figo mpaka figo zinachoka. Mimi sikuelewa kitu. Vartkes alielewa kwa njia yake.

“Shemeji, ni kama ngozi ninayokata,” aliniambia njiani tukirudi. “Inatoka bapa, haina maana. Inakuwa kiatu pale inapokunjwa. Ukiikunja vibaya si kiatu, na kuirudisha kuwa ngozi huwezi. Inabaki inajaza duka.”

Azniv alikuwa katikati yetu, ametushika mikono. “Kwa hiyo mimi ndiyo duka,” akasema.

“Duka la viatu vibovu,” nikamwambia, na tukacheka barabarani, Mungu atusamehe.

Nchi ilipoanza kuanguka, karakana aliyofanyia kazi Vartkes ikafungwa. Mwenye karakana alihamia Kanada, akamwachia Vartkes kompyuta waliyokuwa wakichorea viatu, dude kubwa la zamani ambalo likiwaka linavuma. Kwa muda lilikaa kimya sebuleni chini ya kitambaa alichofuma mama. Kisha Jumapili moja, baada ya misa, mwanamke mmoja mgeni kutoka Marseille, Ufaransa, Mwarmenia mwenzetu anayeitwa Hermine, alisimama ukumbini kanisani kutueleza habari ya kuazimisha kompyuta.

Jambo lenyewe si gumu. Wanasayansi wanataka kujua protini inajikunja vipi, na hesabu zake ni nyingi kiasi kwamba hakuna kompyuta moja inayoziweza. Basi wanazigawa vipande kwa watu wa kawaida duniani kote kupitia intaneti, kila mtu na kompyuta yake sebuleni. Unapokea mzigo wa hesabu, kompyuta inaupiga, unarudisha, unapewa mwingine. Malipo hakuna. Unapata pointi, na watu wamejipanga kwa timu, na timu zinashindana. Hermine ndiye aliyeongoza timu ya Waarmenia.

Unachagua mambo mawili: ugonjwa, na ukubwa wa mzigo. Kuna midogo, ya kati, na mikubwa. Mdogo ni kipande tu cha protini, mkia wake labda, na kompyuta kama ile ya Vartkes inaumaliza mchana mmoja. Mkubwa ni protini nzima pamoja na maji yote yanayoizunguka, na huo ni kazi ya siku nne au tano bila kupumua. Midogo ilikuwa ya magonjwa ya kila namna. Protini ya Azniv ilikuja katika mizigo mikubwa tu.

Hermine mwenyewe alituambia pale pale, kwa Kiarmenia chake cha kuokoteza, kwamba mwenye kompyuta ya zamani achukue midogo. Nilimwona Vartkes amekunja mikono kifuani, nikajua tayari ameshamkatalia.

“Midogo ni ya watu wanaotaka pointi,” aliniambia tukishuka ngazi za kanisa. “Unamaliza kumi, halafu umefanya nini? Umebandika visigino vya watu usiowajua.”

“Na mkubwa?”

“Mkubwa ni wa mke wangu.”

Mtu kama huyo utamjibu nini? Siku ile ile kitambaa cha mama kikatolewa, na kompyuta ikaandikishwa kwa jina la Azniv.

Mwanzoni ilikwenda. Vartkes aliporudisha mzigo wake wa kwanza alitukaangia basturma, nyama yetu ya kukaushwa, na mayai, akazunguka na kikaango mkononi utadhani ametoka vitani. Azniv aliangalia pointi zilizokaa mbele ya jina lake, akaniambia kuanzia leo nimsalimie kwa heshima kwa kuwa yeye ni mwanasayansi. Nikamwambia mwanasayansi aende akaoshe vyombo.

Halafu umeme ukatuacha. Wa serikali ulibaki saa moja au mbili kwa siku, na huambiwi lini. Kilichosalia ni jenereta ya jirani Khajak, pale chini karibu na kinyozi, na kila nyumba inanunua kwake ampea tano. Khajak naye dizeli anaitafuta kwa tochi, kwa hiyo anazima mchana ili jenereta ipumzike, anazima alfajiri kubana matumizi, na anazima akigombana na mkewe. Kompyuta ikizimika ghafla hairudi pale ilipofikia, inarudi nyuma mpaka kwenye alama ya mwisho iliyojiwekea. Na kila mzigo una siku yake ya mwisho. Siku hiyo ikipita hujarudisha, unanyang'anywa.

Vartkes alinyang'anywa mmoja kwenye asilimia sitini. Akaomba mwingine. Huo ukachukuliwa kwenye sabini na kitu. Akaomba mwingine tena, na ikawa hivyo tangu Pasaka mpaka joto la Agosti. Kila mara alichagua mkubwa, kila mara protini ile ile.

Hapa lazima niseme tunavyofanya kazi mtaani kwetu, la sivyo utamwona mjinga, na mjinga hakuwa. Kiatu cha Burj Hammud hakimalizwi na mtu mmoja. Mmoja anakata ngozi, anazitia kwenye mfuko na kuzining'iniza mlangoni kwa jirani. Jirani anashona, anapeleka ng'ambo ya barabara. Ng'ambo wanaivuta juu ya kalibu yenye umbo la mguu na kubandika soli. Ukiugua katikati ya kazi, mwenzako anaingia, anaichukua pale ulipoiachia na kuendelea, wala hakuna anayeuliza. Vartkes alikata ngozi maisha yake yote na hakuwahi kumaliza kiatu hata kimoja, na hakuona ubaya wowote. Basi aliponyang'anywa mzigo kwenye asilimia sabini alijua, bila kumuuliza mtu, kwamba yuko mwenzake mahali fulani aliyeupokea na anaanzia sabini na moja. “Nimewasogezea,” ndivyo alivyokuwa akisema. Alisema kila mara, na sisi tukaamini, maana na sisi ni wa mtaa huu huu.

Azniv ndiye aliyeamini kuliko wote. Wakati huo alikuwa anasafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, na wenzake wa kwenye zile mashine walizijua asilimia za Vartkes vizuri kuliko walivyojua majina ya watoto wangu wa ubatizo. Aliwaambia kwamba figo zake yeye zimeshakwenda, lakini za mabinti wanaozaliwa na homa hii leo huenda zikapona, na siku hiyo ikifika ajue na yeye mkono wake umo. Hakuwa na kitu kingine cha kutarajia. Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, anamwuliza mumewe tumefika ngapi.

Ampea tano zinabeba friji na taa, na kitu kimoja zaidi. Ama feni, ama kompyuta. Mgonjwa wa figo haruhusiwi kunywa maji anavyotaka, na joto la Agosti hapa Beirut linakukalia kifuani. Nilishuka siku moja nikamkuta Azniv amelala chini kwenye vigae kwa sababu vigae vina ubaridi. Kompyuta inavuma mezani, na juu ya yote inatoa hewa ya moto.

“Vartkes, una akili wewe?” nikamwuliza.

“Shemeji, iko themanini.”

“Mkeo yuko sakafuni.”

“Sikumlaza mimi.”

“Zima hilo dude uwashe feni.”

Azniv akafumbua jicho moja. “Dada, usiguse. Nimemwambia mimi.”

“Wewe nyamaza. Mgonjwa hana kauli.”

“Mgonjwa ndiye mwenye kauli. Protini ni yangu. Ya kwako imenyooka, panda nayo juu ukalale.”

Nilipanda ngazi nimewaka. Nikarudi na beseni la maji na taulo, nikamkanda miguu ile iliyovimba mpaka akasinzia, na mumewe sikumsemesha mpaka Jumapili.

Mwisho wa mwezi Vartkes akagundua kwamba pointi za Azniv hazijaongezeka tangu Pasaka, hata moja. Akavimba. Alimtumia Hermine ujumbe wa hasira kwamba kuna mtu huko kwao anayekula jasho la mgonjwa. Hermine hakukasirika. Alipiga simu.

Ilikuwa alasiri, Azniv amelala chumbani. Vartkes aliiweka simu mezani, sauti nje. Kiarmenia cha Hermine kinatosha kwa salamu na vyakula, kikifika kwenye hesabu kinamwishia, anakimbilia Kifaransa. Mimi nilisomeshwa Kifaransa na masista, kwa hiyo niliitwa kutafsiri.

“Mwulize pointi za mke wangu ziko wapi.”

Nikamwuliza. Akasema ametazama mwenyewe, na tangu Pasaka hakuna mzigo uliorudishwa.

“Haukurudi mzima,” akasema Vartkes. “Mwambie wa mwisho niliufikisha karibu na tisini. Namtaka huyo aliyeupokea. Alianzia wapi?”

Nikatafsiri. Hermine akajibu kwa Kifaransa.

“Anasemaje?”

“Anasema alianza mwanzo.”

“Mwanzo wa nini?”

“Wa mzigo, Vartkes. Kazi isiyofika mwisho wao hawaioni. Imo humu ndani ya kompyuta yako, haijatoka. Siku ikipita inafutwa, na anayefuata anaanza na sifuri.”

“Mwambie arudie.”

Hermine akarudia, taratibu, kama anayemsemesha mtoto. Maneno yalikuwa yale yale. Vartkes alikuwa anasugua meza kwa kidole gumba, pale pale mahali pamoja.

“Kwa hiyo nimetwanga maji,” akasema. “Haya. Tumejichosha wenyewe. Hakuna aliyeumia ila sisi.”

Ningeacha pale. Naapa ningekata ile simu, lakini Hermine alikuwa bado anaongea, kwa upole wa mtu asiyejua kisu chake kimeingia wapi, na Vartkes ananitazama mdomo.

“Sema,” akaniambia.

“Anasema mizigo hii inafuatana. Kila mmoja ni hatua moja ya protini inavyojikunja, na hatua inayofuata haiwezi kutengenezwa mpaka hii irudi. Ukishika mzigo, mnyororo wake wote unasimama.”

“Unasimama kufanya nini?”

“Unakungoja wewe.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka siku ya mwisho. Ndipo anapewa mtu mwingine. Wenye mashine mpya na umeme wa uhakika wanaumaliza kwa saa chache.”

Nilimwona Vartkes anapiga hesabu yake, na ile hesabu haikuhitaji kompyuta. Kila alipomnyima mke wake feni alikuwa ameukalia mnyororo wa mke wake. Minyororo ya magonjwa mengine yote duniani ilikwenda mbele kiangazi kile, mkono wa Vartkes haukuigusa. Aliousimamisha yeye ni ule wa Azniv peke yake.

“Kila niliouchukua,” akasema.

“Ndiyo.”

“Na hii minyororo ilikuwa inakwenda kabla sijaishika.”

Hermine akauliza kama bado tupo. Kisha akatoa ushauri, na ushauri wenyewe ulikuwa mzuri: kama mzigo alionao sasa hawezi kuurudisha kabla ya kesho jioni, siku yake ya mwisho, auache leo. Kuna mahali pa kubonyeza. Ukibonyeza unaondolewa kwako saa ile ile na kupewa mwingine. Halafu achague midogo, ambayo hata kwa umeme wa kuvizia inamalizika.

“Huu uko tisini na sita,” akasema Vartkes. “Mwambie huu nitaumaliza.”

“Vartkes.”

“Mwambie.”

Nikamwambia. Alikata simu mwenyewe, akashuka ngazi bila viatu, na mimi nyuma yake.

Khajak alikuwa amekaa juu ya pipa karibu na jenereta yake iliyozimwa, anakula mbegu za alizeti.

“Nipe mpaka kesho mchana bila kuzima,” Vartkes akamwambia.

“Nikupe nini? Tangi limekauka. Njoo uchungulie.”

“Sijawahi kukuomba kitu tangu tufahamiane.”

“Unaniomba kila wiki, bwana. Jana umeniomba.” Khajak akatema maganda. Alikuwa mtu wa maneno makali, lakini alipoona miguu mitupu ya Vartkes akapunguza sauti. “Dizeli iliyobaki ni ya bibi Nvard, wa mashine ya oksijeni. Nitamwashia yeye peke yake. Unataka nimzimie? Sema wewe, mimi nitazima.”

Vartkes hakusema ndiyo. Lakini hapana pia ilichelewa kumtoka, Khajak aliona na mimi niliona, na yeye mwenyewe alijiona. Akakaa kwenye ngazi ya kinyozi akaziba uso. Nilimwacha huko akae na aibu yake.

Niliporudi juu Azniv alikuwa ameketi kitandani.

“Nimesikia,” akasema. “Masista hawakukufundisha kunong'ona, dada.”

“Umesikia nini?”

“Vyote.” Alikuwa anajitazama mikono. Nilitegemea aseme mzaha, maana hiyo ndiyo ilikuwa njia yake kila palipouma, na mzaha haukuja. “Nimewaambia wale wenzangu hospitali,” akasema. “Kila wiki nawaambia.”

Nikakaa karibu naye. Nilitamani kumpiga mtu, na wa kumpiga hakuwepo.

Kesho yake mchana umeme wa serikali ukaja wenyewe, bila hodi. Kompyuta ikaamka ikavuma. Ilikuwa imerudi nyuma, iko tisini na tano. Vartkes alivuta kiti akakaa mbele yake kwa haraka, anaongea peke yake kwamba ikipata saa tano tu, tano tu, na saa tano hatukuwa tumezipata kwa mpigo tangu mwezi wa sita. Azniv akatoka chumbani akijishika ukutani.

“Nionyeshe pa kubonyeza,” akasema.

“Bado kuna nafasi.”

“Vartkes.”

“Iko tisini na tano, Azniv. Hatujawahi kufika huku.”

“Najua. Hii ni ya nani?”

“Yako.”

“Basi ya kwangu naitupa mimi. Kuna mtu anaingoja, na ana umeme.”

“Nikiitupa nitakuwa nimekufanyia nini mwaka huu? Nambie. Nitakuwa nimekufanyia nini?”

Aliuliza kweli, alitaka jibu. Alitutazama mmoja mmoja, mke wake na mimi. Azniv akamsogeza kwa kiganja, akaketi yeye kwenye kile kiti. Vartkes akanyoosha kidole akamwonyesha mahali.

“Inaniuliza kama nina hakika,” Azniv akasema, na akabonyeza.

Ile asilimia ikapotea. Kompyuta ikauliza kama tunataka mzigo mwingine. Mimi nikaizima kwa swichi ya ukutani, nikachomeka feni na kumgeuzia mdogo wangu. Akafumba macho, nywele zake zikapeperuka. Vartkes alikuwa amepiga magoti karibu na meza analia kwa sauti, mwanaume mzima, na mimi niliyemkasirikia mwaka mzima nikajikuta nimemshika kichwa.

Kuna ukurasa ambapo unaweza kutazama mzigo wowote uko kwa nani na umefika wapi. Vartkes alimwonyesha Azniv kwenye simu baadaye siku ile, kwa sababu Azniv alitaka. Mzigo wao ulichukuliwa dakika chache baada ya kutupwa, na mtu asiye na jina. Alikwisha kuurudisha kabla Azniv hajamaliza supu yake. Hatua iliyofuata ikatoka, ikaenda kwa mwingine, ikarudi kabla hajalala. Asubuhi kulikuwa na nyingine.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yake. Akiwa hospitali mashine inamsafisha damu, akiwa kitandani feni imezimika na jasho linamtiririka, simu iko mkononi, anafuata ule mnyororo mmoja hatua kwa hatua. Haikupita wiki ukawa umekwenda mbele kuliko yote tuliyofanya tangu kitambaa cha mama kitolewe. Vartkes alikuwa anamenya tango pembeni yake siku ile Azniv alipomvuta mkono.

“Angalia,” akamwambia, “angalia inavyokwenda bila sisi.”

Alisema kwa furaha ya kweli, na uso wake ule mwembamba ulikuwa umefunguka. Vartkes akasema, ndiyo, mke wangu, inakwenda. Akamaliza kumenya lile tango, akalikata vipande vidogo kama anavyotaka, akampa. Kisha akatoka nje verandani na hakurudi ndani mpaka nilipomwita kwa chakula, na chakula hakula.

Tulimzika Azniv kabla ya Krismasi. Hermine akapiga simu kutoa pole, na sauti ikawekwa nje kama siku ile. Alilia kidogo. Halafu akasema, kwa moyo mwema, kwamba jina la Azniv bado limo kwenye timu, na kwamba Vartkes akitaka kuliendeleza mizigo midogo iko mingi, ya magonjwa mengi, kila mmoja unamalizika mchana mmoja hata kwetu huku, na kuna watu watakaosaidika.

Nikamtafsiria Vartkes. Alijibu kwa adabu kabisa, bila ubishi wowote, na ile adabu ndiyo iliyonitisha.

“Mwambie hao watu mimi siwajui,” akasema. “Nilikuwa na mmoja.”

Nikamwambia Hermine kwamba shemeji anashukuru na atafikiria.